Msomaji Aliyekwisha Kufika

Wanaoanza kublogu huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nifanyeje nipate wasomaji? Nikiwaomba anwani ya blogu yao na kuifungua kwenye simu, mara nyingi jibu nalikuta pale pale. Wasomaji walishakuja. Walifika, wakasubiri, wakasumbuka, wakaondoka. Takwimu zinaonyesha mamia ya watu waliofungua makala moja wasifungue ya pili, na mwenye blogu anaitazama namba hiyo akidhani kinachohitajika ni kujitangaza zaidi.

Naamini kwa dhati kwamba kukuza hadhira na kurahisisha tovuti ni kazi moja. Kila kiungo unachotuma kwenye makundi ya WhatsApp, kila nafasi nzuri unayopata kwenye matokeo ya utafutaji, humleta mtu kwenye ukurasa fulani. Ukurasa huo ukiwa unachosha, kumleta mwingine ni kuteka maji kwa pakacha. Ndiyo maana hapa nitakaa sana na yule aliyekwisha kufika, na mbinu za kuwaita wapya nitazipitia haraka.

Nianze na kasi, kwa sababu wengi hupotelea hapo kabla hawajasoma hata neno moja. Mtaalamu wa Denmark wa urahisi wa kutumia kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 1993 kuhusu mipaka mitatu ya subira ya mtu mbele ya skrini, akijenga juu ya kazi ya mtafiti Robert Miller ya mwaka 1968. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi jambo limetokea papo hapo. Likichukua hadi sekunde 1, anaona kuna kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Zikifika sekunde 10, akili imeshahamia kwingine. Kompyuta zimebadilika mno tangu wakati huo, ila binadamu ni yule yule.

Google nayo ina vipimo vyake, ilivyovitangaza mwaka 2020 na kuvirekebisha Machi 2024. Kitu kikubwa zaidi kinachoonekana mwanzoni, iwe picha ya juu au aya ya kwanza, kinatakiwa kiwe kimejitokeza ndani ya sekunde 2.5. Mtu akigusa kitufe, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200. Na vitu visihamehame wakati ukurasa unafunguka. Kinachonipendeza ni kwamba vipimo hivi huchukuliwa kutoka kwenye ziara za watu halisi, na ukurasa huhesabiwa kuwa umefaulu pale tu ambapo angalau robo tatu ya ziara zimefikia kiwango. Kwa maneno mengine, haitoshi blogu kufunguka upesi kwenye simu yako mpya iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani. Ingiza anwani ya blogu yako kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, ni bure, usome sehemu ya simu kabla ya sehemu ya kompyuta. Kama blogu bado ina wageni wachache, hutapata takwimu za watu halisi, lakini utapata jaribio linaloiga simu ya kawaida kwenye mtandao usio na kasi, na hilo linatosha kuanzia.

Maandishi yenyewe ni mepesi ajabu. Makala ya maneno 2,000 haifiki kilobaiti 20. Kinacholemea ni picha. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, na faili lake huwa na megabaiti 3 au 4. Skrini ya simu ya msomaji, kwa kawaida, ina upana wa pikseli zipatazo 1,080. Sehemu kubwa ya data unayomtumia hataiona kamwe: simu yake inaipokea, inaibana picha iingie kwenye skrini, basi. Piga hesabu. Picha kumi za megabaiti 4 ni megabaiti 40, na kwenye mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde hizo ni sekunde 80, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Punguza upana uwe pikseli 1,200, hifadhi kwa muundo wa faili wa WebP au kwa JPEG yenye ubora wa asilimia 75 hivi, na kila picha itashuka hadi kilobaiti 150 au karibu yake. Zote kumi sasa ni megabaiti 1.5, nazo zinafika kwa sekunde 3. Hakuna aliyeandika upya sentensi hata moja, wala hakuna aliyelipia matangazo, lakini mtu ambaye angeondoka sasa anasoma. Tena data hiyo ni yake, kainunua mwenyewe. Kuitumia vibaya ni kumkosea heshima.

Picha zilizo chini ya makala ziachwe zipakiwe msomaji anapozikaribia. Mifumo mingi ya kublogu, WordPress ikiwemo, hufanya hivyo yenyewe siku hizi. Na kila picha itajiwe upana na urefu wake kwenye msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika. Bila hivyo, unasoma aya ya tatu, picha ya juu inafika, aya inasukumwa chini, na kidole kilichokuwa kinaenda kwenye kiungo kinaangukia tangazo. Kuhusu fonti za mapambo na vile vijiprogramu vya ziada vya kuhesabu wageni, kuonyesha theluji na kadhalika, ushauri wangu ni mfupi: ondoa chochote ambacho msomaji hatakikumbuka kikikosekana.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, nalo ni kukaa kimya kando ya mtu anayesoma.

Rafiki yangu mmoja anaendesha blogu ya ushonaji. Anajua kazi yake, anaeleza kwa utaratibu, na picha zake ni safi. Alikuwa analalamika kwamba watu hawabaki. Nikamwomba shangazi yake, fundi wa muda mrefu ambaye hakuwahi kuifungua blogu ile, achukue simu yake na atafute maelezo ya kukata kola ya shati. Rafiki yangu nilimpa sharti moja tu: asiseme neno.

Ukurasa ulipofunguka, kabla picha ya kwanza haijakamilika, dirisha likatokea katikati likimwomba shangazi aweke barua pepe yake. “Hiki kinataka nini tena, mwanangu?” akauliza. Hatukujibu. Akatafuta alama ya kufungia. Ilikuwa pembeni juu, ndogo kama punje, ya kijivu juu ya nyeupe. Akaigusa, akakosea, kikafunguka kitu kingine. Akarudi. Menyu ilikuwa na maneno manne: Mwanzo, Kona Yangu, Tafakuri, Zaidi. Akayasoma yote kwa sauti, kisha kidole kikabaki hewani. Akaingia Kona Yangu, akakuta historia ya maisha ya mwandishi. Akarudi tena, akateremsha ukurasa wa mwanzo makala moja baada ya nyingine, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, hadi akachoka. Mwishoni akafungua Google, akaandika “kukata kola ya shati”, akagusa tovuti ya kwanza. Haikuwa ya rafiki yangu.

Makala ya kola ilikuwepo, tena nzuri kuliko ile aliyoiangukia. Ilikuwa imewekwa chini ya Zaidi.

Hakuna ripoti ya takwimu ambayo ingemwambia rafiki yangu hayo. Takwimu zingeonyesha ziara moja, kurasa kadhaa, na dakika chache, na pengine zingeitwa ziara nzuri kwa sababu mtu alikaa. Jaribio la aina hii halina gharama. Halihitaji hata watu wengi: Nielsen, kwa kutumia hesabu alizozifanya na mtafiti mwenzake Thomas Landauer mwaka 1993, alitetea kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, kwa sababu kuanzia hapo watu huanza kujikwaa pale pale walipojikwaa wenzao. Tafuta mtu asiyeijua blogu yako, mpe kazi moja ya kweli, mwombe afikiri kwa sauti, nawe ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Ukimsaidia hata kwa kusogeza jicho, umeharibu jaribio, maana yule msomaji wa usiku wa manane hatakuwa na mtu wa kumsogezea jicho.

Rafiki yangu alibadilisha menyu siku ile ile. Sasa inasema Mashati, Magauni, Suruali, Vipimo. Maneno ambayo fundi anayo mdomoni tayari. Majina ya kishairi yana mahali pake, ila mahali hapo si kwenye menyu. Mtu anayetafuta hasomi kwa utulivu. Anapepesa macho akiwinda neno linalofanana na lile aliloliweka kichwani. Asipoliona, kwake halipo.

Kuhusu dirisha lile la barua pepe, kuna historia inayofaa kujulikana. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wa mojawapo ya madirisha ya kwanza ya matangazo yanayochomoza, miaka ya 1990 alipokuwa akifanya kazi Tripod, kampuni iliyohifadhi kurasa za watu, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Nia yao, alieleza, ilikuwa kutenganisha tangazo na ukurasa wa mtumiaji. Na tangu Januari 2017 Google imekuwa ikizipunguzia nafasi kurasa ambazo, mtu akifika kutoka kwenye utafutaji kwa simu, humfunikia kile alichokuja kusoma. Sisemi usiombe barua pepe. Nitafika huko. Nasema usimwombe mtu ambaye bado hajaonja unachotoa. Weka ombi mwisho wa makala: aliyefika pale ameshaonyesha kwamba anakutaka.

Vitufe vidogo navyo vina viwango vyake. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa kufanya kurasa zifikike na watu wote, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unataka kitu cha kugusa kisipungue pikseli 24 kwa 24, au kiwe na nafasi ya kutosha kukizunguka. Apple hupendekeza 44 kwa 44, kwa kipimo chake inachokiita pointi. Mwongozo huo huo unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Ule ukijivu mwepesi unaopendwa na wabunifu, kwa mfano ule wenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe, haufiki hata 3. Unaonekana maridadi kwenye skrini kubwa ndani ya ofisi, lakini mwenye simu juani anaona ukurasa mtupu. Weka herufi za pikseli 16 au zaidi, rangi iliyokoza, nafasi ya kupumua kati ya mistari, na aya fupi kiasi. Andika maelezo ya maana kwa kila picha, ili asiyeona asomewe na programu yake. Halafu hakikisha msimbo wa ukurasa unatangaza lugha unayoiandikia. Kwa Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Nimekuta blogu nyingi za Kiswahili zikijitangaza kuwa za Kiingereza kwa sababu kiolezo, yaani muundo wa blogu ulioandaliwa tayari, kilikuja hivyo, na matokeo yake programu ya kusoma skrini huyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza hadi hayaeleweki, huku kivinjari kikibahatisha kama kitafsiri au kisitafsiri. Hilo ni la kurekebishwa leo hii, kabla ya jambo lingine lolote.

Tuje kwenye utafutaji. Watu wengi wanaubeba kama uchawi. Fungua Google Search Console, chombo kingine cha bure, uangalie maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea. Hutunza takwimu za hadi miezi 16. Hapo kuna aina mbili za maneno ninazozitafuta kila mara. Ya kwanza ni yale ambayo ukurasa unaonekana mara nyingi lakini hauguswi: hapo kichwa cha makala hakijamwambia mtu kwamba jibu lake limo. Ya pili ina thamani zaidi, nayo ni maswali ambayo ukurasa wako unatokea kwa mbali, nafasi ya 15 au ya 20, kwa sababu umeligusia jambo kwa sentensi moja tu. Kwa maswali hayo, wasomaji wanakuambia makala ijayo iwe ipi. Sijui njia nyingine ya kupata mada yenye uhakika kiasi hicho.

Kichwa kiseme kilichomo. “Safari ya sindano na uzi” inampendeza aliyeiandika, lakini “Jinsi ya kukata kola ya shati isikunjamane” ndiyo inayoguswa na mwenye mkasi mkononi. Neno lenye uzito liwe mwanzoni, kwa sababu matokeo ya utafutaji hukatwa mwishoni na kwa sababu macho ya watu kwenye skrini huanzia kushoto. Uchunguzi wa Nielsen wa mwaka 2006, uliofuatilia macho ya wasomaji, ulionyesha yakipita mstari wa juu, kisha mstari mfupi zaidi chini yake, kisha yakishuka upande wa kushoto. Vichwa vidogo ndani ya makala ndivyo huyakamata macho hayo yanaposhuka. Na aya ya kwanza isizunguke. Kama mtu ameuliza joto la pasi kwa kitambaa cha pamba, mwambie kwanza, maelezo yafuate. Hofu kwamba akipata jibu ataondoka haina msingi. Mwenye haraka ataondoka kwa vyovyote, ila aliyepata jibu upesi hukumbuka alikolipata.

Makala ziunganishwe. Ukitaja vipimo ndani ya makala ya mashati, weka kiungo kwenda makala ya vipimo, hapo hapo kwenye sentensi, na maneno ya kiungo yaeleze kinachokuja. “Bofya hapa” haimwambii msomaji kitu, na haimwambii chochote yule anayeruka kutoka kiungo hadi kiungo kwa programu ya kusoma skrini. Blogu yenye makala chache zinazoshikana humshikilia mtu kuliko yenye mamia zilizotawanyika.

Anwani za makala zisiguswe ovyo. Tim Berners-Lee, aliyevumbua wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kila mwaka unaopita unampa haki. Ukibadilisha mfumo au ukapunguza maneno ya anwani bila kuweka maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301 yanayompeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya, umevunja kila kiungo ambacho watu walikituma, walikihifadhi na walikiweka kwenye kurasa zao.

Mitandao ya kijamii itumie, lakini usijenge nyumba juu yake. GeoCities, huduma ya kujengea kurasa binafsi, ilifungwa mwaka 2009 na mamilioni ya kurasa za watu zikaondolewa. Google Reader, chombo cha kufuatilia makala mpya za blogu mbalimbali, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na wanablogu waliokuwa wakifuatwa kupitia huko wakapoteza njia ya kuwafikia wasomaji wao wa kila siku. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za wachapishaji. Kila mara mwenye blogu hakuulizwa.

Barua pepe inavumilia zaidi. Orodha ya anwani ni yako, na unaweza kuhama nayo kutoka kampuni moja hadi nyingine. Ina masharti: tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinataka wanaotuma kwa wingi wathibitishe utambulisho wa anwani zao, waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja, na malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Mimi nayapenda masharti hayo hata kwa mwenye orodha ya watu hamsini. Anayetaka kuondoka aondoke bila kuulizwa sababu. Orodha fupi ya watu wanaofungua barua ina manufaa kuliko ndefu ya watu waliokwama ndani.

Ndani ya barua ya kwanza ya kumkaribisha mtu naweka swali moja: ulikuwa unatafuta nini ulipotufikia? Si wote wanaojibu. Wanaojibu huandika kwa maneno yao wenyewe, wakati mwingine aya nzima, na majibu hayo ndiyo yanayopanga makala zangu zijazo. Kwa sasa yanaongozwa na watu wanaoendesha blogu kwa simu tu, bila kompyuta, wanaotaka kujua namna ya kupunguza uzito wa picha kabla ya kuzipandisha. Hiyo ndiyo nitakayoiandika kwanza.